Daftari Lenye Hesabu Ndani Yake: Somo kutoka Visima vya Nyamongo

Ripoti ya utafiti wa maji kwa kawaida huandikwa mahali pawili. Hesabu hufanywa katika Excel au programu nyingine ya takwimu, na maelezo huandikwa katika Word. Katikati yake yupo mtu anayenakili namba kwa mkono, mara nyingi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Makala haya yanaeleza njia ya kumpunguzia mtu huyo kazi na makosa: daftari la kompyuta, ambamo maandishi, msimbo wa programu na matokeo yake hukaa katika faili moja. Tumechagua mfano wa Nyamongo kwa sababu huko namba iliyokosewa haimwaibishi mwandishi peke yake.

Nyamongo ipo wilayani Tarime, mkoani Mara, penye mgodi wa dhahabu wa North Mara na wachimbaji wadogo wengi. Mto Tigithe hupita hapo ukielekea mto Mara, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Mwezi Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini yakaingia Tigithe. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira. Katika mazingira ya namna hiyo, takwimu yoyote kuhusu maji huwa na wa kuikumbatia na wa kuikataa, na wote wawili wana haki ya kumuuliza mtafiti: namba hii umeipataje?

Tuchukue zoezi. Maabara imerudisha majibu ya aseniki kwa visima sita, kwa mikrogramu katika lita moja ya maji: 4, 12, <1, 8, <1 na 30. (Namba hizi tumezitunga kwa ajili ya somo, hazikupimwa popote.) Alama ya <1 maana yake ni kwamba kiasi kilichomo, kama kimo, ni kidogo kuliko kile ambacho kipimo kinaweza kukigundua. Ukiiambia Excel itafute wastani, itaviruka visanduku hivyo viwili bila kusema neno, kwa kuwa inaviona kuwa maandishi wala si namba. Itajumlisha vinne vilivyobaki, igawanye kwa nne, na kukupa 13.5. Ukiamua badala yake kuweka nusu ya kikomo cha kipimo, yaani 0.5, kwa kila kisima cha namna hiyo, jumla inakuwa 55, visima ni sita, na wastani ni 9.2. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10. Kwa majibu yaleyale ya maabara, ripoti moja itasema maji yamevuka kiwango na nyingine itasema hayakuvuka.

Hakuna mdanganyifu hapo. Lipo tu jambo lililoamuliwa na mashine bila mtu kuliandika. Katika daftari, uamuzi huo hulazimika kuonekana: seli moja ina mstari wa msimbo unaogeuza <1 kuwa 0.5, na juu yake kuna aya ya Kiswahili inayosema kwa nini. Asiyekubaliana naye hubadili mstari huo, akaendesha hesabu upya, akaona mwenyewe kinachotokea. Wapo wanatakwimu wasioipenda njia ya nusu, nao wana hoja nzuri. Daftari huwapa mahali pa kuipima.

Tena, kwa maoni yangu, wastani wenyewe ni jibu la swali lisiloulizwa. Hakuna anayekunywa maji ya wastani. Kaya inayoteka kisima cha 30 inakunywa mara tatu ya mwongozo, na aseniki ikinywewa kwa miaka mingi huleta madoa na ugumu wa ngozi, na saratani za ngozi, mapafu na kibofu. Sentensi inayomfaa mwanakijiji ni hii: visima viwili kati ya sita vimevuka kiwango, nacho hiki na kile ndivyo.

Wazo la kuunganisha maelezo na msimbo si geni. Donald Knuth alilitetea mwaka 1984. IPython ilianza mwaka 2001, na mwaka 2014 ikazaa mradi wa Jupyter, ambao jina lake linazikumbusha lugha za Julia, Python na R. Kwa mwandishi wa ripoti, hatua kubwa zaidi ni zana kama R Markdown na Quarto. Humo unaandika sentensi ya kawaida, na pale panapotakiwa namba unaweka msimbo mfupi wa kuikokotoa. Ukiongeza kisima cha saba, sentensi, jedwali na mchoro vyote hubadilika pamoja, kisha faili hutoka ikiwa Word au PDF. Zikishasakinishwa, zana hizi hufanya kazi bila intaneti, jambo ambalo si dogo kwa aliye kazini kijijini.

Ugumu upo pale profesa anaporudisha Word yenye masahihisho yake. Masahihisho hayo hayarudi yenyewe kwenye daftari. Ni lazima uyaingize katika chanzo, la sivyo yatapotea utakapotoa nakala nyingine. Timu ikubaliane mapema ni faili gani ndiyo asili.

Hatari ya pili imejificha zaidi. Seli za Jupyter huweza kuendeshwa kwa mpangilio wowote, na kompyuta hukumbuka hata kile ulichokwisha kukifuta. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulijaribu kuendesha upya mamia ya maelfu ya madaftari yaliyowekwa hadharani: takriban robo tu yalifika mwisho bila kosa, na takriban asilimia 4 tu yalitoa matokeo yaleyale. Kwa hiyo daftari lililopendeza kwenye skrini bado si ushahidi. Kabla ya kulituma, anzisha upya kiini cha programu, endesha seli zote kutoka juu hadi chini, na umwombe mwenzako afanye hivyo kwenye kompyuta yake.

Mwisho, siri za watu. Faili la Jupyter huhifadhi matokeo pamoja na msimbo. Ukichapisha jedwali la wagonjwa ili ulitazame kidogo, kisha ukafuta msimbo uliosoma majina mahali pengine, jedwali lile bado limo ndani ya faili na litasafiri nalo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika hapa. Tena katika kitongoji kidogo jina si lazima: umri, jinsi na kisima anachoteka vinatosha kumtambulisha mama mmoja kwa majirani zake. Ondoa safu hizo kabla data haijaingia katika daftari, futa matokeo yote, kisha liendeshe tena kwa data iliyosafishwa, na hilo ndilo la kumpa mwenzako.