Muuzaji wa mtandaoni, usisubiri ujisikie vizuri ndipo utoke

Leo sizungumzii bei wala picha za bidhaa. Nazungumzia muuzaji mwenyewe.

Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Lindi–Dar kule Somanga, mzigo wangu wa madera kutoka Kariakoo ulikwama. Mimi niko hapa Kilwa Masoko, wateja wameshalipa, wanadai. Nikarudisha hela, mtaji ukaisha. Mabasi yakaanza tena kupita, lakini mimi sikurudi kazini. Oda zinaingia, sijibu. Mchana nalala, usiku macho makavu. Nikajiona mvivu. Kumbe ni sonona, daktari ndiye aliyeniambia.

Pamoja na ushauri mwingine akaniambia nitembee. Nikaona hanielewi: mtu hata kuoga anashindwa, atembee vipi? Akanijibu, "Usisubiri hamu. Anza kutoka, hamu itakukuta njiani."

Ndivyo sonona inavyofanya. Inakufungia ndani, unakosa watu, jua na usingizi, halafu unazidi kuchoka. Ukitembea unaukata huo mzunguko.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa matokeo ya watu 156 wenye sonona, wa miaka 50 na kuendelea. Kundi moja lilipewa dawa, jingine mazoezi mara tatu kwa wiki, la tatu vyote viwili. Baada ya wiki 16 nafuu ya makundi yote ilikaribiana, ila dawa ziliwahi kuleta nafuu. Kwa hiyo mazoezi ni tiba ya kweli, na dawa nazo si za kubeza.

Kwetu wauzaji, tunaoshinda tumeinamia simu, fanya hivi:

1. Anza na dakika 10. Mimi nilianza kwenda ufukwe wa Jimbizi na kurudi, asubuhi kabla ya jua kali. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afikishe angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Utafika taratibu.

2. Changanya na kazi. Mzigo wa mteja wa karibu peleka kwa miguu, acha boda. Siku huna hamu, mteja anayesubiri atakutoa ndani.

3. Zima data. Wa "bei gani?" atasubiri nusu saa.

4. Tafuta mwenzio. Jirani akikugongea mlango, kukataa ni vigumu.

5. Weka tiki kwenye daftari la mauzo. Ukikosa siku moja usijilaumu, kesho endelea.

Angalizo: kama umeandikiwa dawa, usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Huzuni ikipita wiki mbili, huli, hulali, kazi imekushinda, nenda kituo cha afya. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje hata kesho: mwambie mtu wa karibu akupeleke leo hii.

Kutembea hakukunirudishia mtaji. Ila baada ya wiki kadhaa nilianza tena kujibu wateja asubuhi, na mauzo yakaanzia hapo.

Una muuzaji mwenzio aliyekaa kimya siku hizi, hata status haweki? Usimtumie ujumbe tu. Mpitie, mtoke mkatembee.