Kumwokoa Mnyamapori Si Kumfuga
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Lengo la uokoaji

Mwanza ni jiji linaloishi na wanyamapori kila siku. Pimbi wamejaa kwenye mapengo ya mawe yanayozunguka nyumba za milimani, kenge hupita mitaroni, mnandi hukausha mabawa juu ya mitumbwi, kongoti hugombea utumbo wa samaki mialoni, na kwenye matete ya ufukweni wapo fisi maji, mamba na viboko. Watu na wanyama wanapobanana namna hii, majeraha hayakosekani. Ndege hunasa katika nyavu za timba zilizotupwa au humeza ndoana yenye chambo, tumbili hugongwa na pikipiki au huunguzwa na nyaya za umeme, na pimbi hung'atwa na mbwa. Upande wa mashariki, kuelekea Busega na Bunda, wanyama wanaotoka Serengeti huonekana na waya wa mtego umezama shingoni.

Anayemkuta mnyama wa aina hiyo kwa kawaida hufuata mojawapo ya njia mbili. Wapo wanaommaliza, kwa hofu au kwa kitoweo. Wapo pia wanaomchukua nyumbani, wakamfunga kamba kiunoni, wakampa maziwa na ugali, wakasubiri apone. Kijitabu hiki kinazungumza zaidi na hawa wa pili, kwa kuwa nia yao ni njema na inaweza kuwa msaada wa kweli. Hoja yake ni moja: mnyamapori ameokolewa siku anaporudi porini akiwa anaweza kujitafutia chakula, kumkimbia adui na kumwogopa binadamu. Kupona jeraha peke yake hakutoshi. Tukikikubali kipimo hicho, mengi tunayoyaita huruma yatabainika kuwa madhara, na kazi kubwa ya mwananchi itakuwa kukaa mbali, kutoa taarifa mapema na kuondoa kilichomjeruhi mnyama.

Kwa nini nyumbani hapafai

Mbele ya mnyama aliyejeruhiwa, binadamu ni adui aliyefanikiwa kumkamata. Hofu ya kushikwa huupandisha mapigo moyo wake na joto mwili wake, na kwa swala na jamii zake hofu hiyo huweza kuiharibu misuli kiasi cha mnyama kufa saa au siku kadhaa baadaye, hata kama kidonda kilikuwa kidogo. Watoto wanaompapasa, redio inayopigwa karibu na mbwa anayebweka uani vinaongeza uharibifu huo. Mnyama anayetulia akishikwa mara nyingi amezidiwa na woga au maumivu, nasi tunadhani ametuzoea.

Chakula nacho ni mtego. Kila mnyama ana maziwa ya aina yake, na maziwa ya ng'ombe huwaharisha watoto wa wanyama wengi hadi wakaishiwa maji mwilini. Nchini Kenya, Daphne Sheldrick alihangaika miaka mingi kabla ya kupata mchanganyiko unaomfaa ndama wa tembo, kwa sababu mafuta yaliyomo katika maziwa ya ng'ombe hayamfai, na mafuta ya nazi ndiyo yaliyosaidia. Ikiwa mtaalamu aliyeishi na tembo alichukua muda mrefu hivyo, jikoni kwetu hatuwezi kubahatisha. Ndege anayekula samaki au nyama akilishwa mnofu mtupu bila mifupa hukosa chokaa, na mifupa yake ikalegea akiwa mikononi mwa mtu anayemtakia heri.

Kisha kuna magonjwa, nayo huvuka pande zote mbili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakiponi kamwe, na mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kukibeba, akiwemo nguchiro anayezubaa mchana barabarani na kuonekana mpole. Popo wanaokula matunda na kulala mapangoni wanajulikana kuhifadhi virusi vya Marburg, ugonjwa uliothibitishwa mkoani Kagera mwezi Machi 2023 na kuua watu sita. Kwa upande mwingine, mafua ya kawaida ya binadamu yanaweza kuangamiza kundi zima la sokwe. Mnyama aliyekaa wiki tatu sebuleni anaweza kurudi porini na maradhi ambayo wenzake hawajawahi kuyaona.

Lakini hasara kubwa haionekani kwa macho: mnyama huacha kumwogopa mtu. Tumbili mdogo anayebebwa begani atapevuka baada ya miaka michache, ataota meno makali na ataanza kuwania ukubwa ndani ya nyumba kama anavyofanya katika kundi lake. Akishamng'ata mtoto wa jirani hana pa kwenda. Porini hajui kula, na kundi la tumbili halimpokei. Mwisho wake huwa mnyororo au risasi, na mwanzo wake ulikuwa chupa ya maziwa.

Somo la Rubondo

Ziwa letu lina mfano mkubwa wa kuwarudisha wanyama porini. Kati ya 1966 na 1969, Shirika la Uhifadhi la Frankfurt, likiongozwa na Bernhard Grzimek, liliwaachia katika kisiwa cha Rubondo sokwe mtu wapatao 17. Walikuwa wamekamatwa Afrika wakiwa wadogo na kuishi kwenye mabanda ya wanyama ya Ulaya. Hawakufundishwa kuishi msituni. Hata hivyo wengi walijifunza kutafuta matunda na kutengeneza viota, wakazaana, na leo kisiwa hicho, kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, kina sokwe zaidi ya 60 wanaojitegemea kabisa.

Msomaji anaweza kusema: basi fungueni tu mabanda, asili itamaliza kazi. Rubondo haifundishi hivyo. Kisiwa kile kina msitu mnene, hakina chui wala simba, na hakikuwa na sokwe wengine ambao wangewaua wageni. Ukiondoa sharti moja kati ya hayo, matokeo huenda yangekuwa mengine. Faru weusi waliopelekwa Rubondo katika kipindi hichohicho walimalizwa na ujangili, kwa kuwa tatizo lao halikuwa chakula wala makazi. Lilikuwa bunduki, na bunduki ilivuka maji. Hata miongoni mwa sokwe, madume wawili waliowashambulia watu ilibidi wapigwe risasi. Hawa ndio walioacha kumwogopa binadamu. Kwa hiyo mafanikio ya Rubondo na hasara zake vinasema jambo lilelile: kabla ya kuuliza mnyama amepona kiasi gani, tuulize anarudi wapi na akiwa na tabia gani.

Kisiwa cha Saanane, kilichopo mbele ya jiji lenyewe, kimepita njia ya fikra hiyo. Mwaka 1964 kilifunguliwa kuwa bustani ya wanyama ya kwanza nchini, mahali ambapo watu walikwenda kuwatazama wanyama ndani ya uzio. Tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Mwana-Mwanza anayevuka kwa boti leo anakwenda kuwaona pimbi na ndege wanaoishi kwa sheria zao.

Wasioweza kurudi

Kipimo cha kurudi porini kina upande mchungu: wapo ambao hawatarudi, na ni afadhali jambo hilo lisemwe mapema. Upande wa Uganda wa ziwa hili, kisiwa cha Ngamba kimewahifadhi tangu 1998 sokwe yatima waliookolewa kutoka kwa wawindaji na wafanyabiashara. Msitu wake ni mdogo, hauwezi kuwalisha, na misitu ya bara tayari ina sokwe wenyeji ambao hawawapokei wageni. Wataishi hapo maisha yao yote, wakilishwa kila siku. Ni utunzaji wa heshima, lakini gharama yake haina mwisho, na kila mtoto wa sokwe anayeuzwa huiongeza.

Rwanda imeonyesha jinsi ya kuwatenganisha wanaoweza kurudi na wasioweza, bila kumwadhibu kila mtu. Korongo taji, ndege aliye hatarini kutoweka, walikuwa wamezoeleka kuwa pambo la nyua za hoteli na nyumba, wengi wakiwa wamekatwa mabawa. Kuanzia 2014 chama cha uhifadhi cha nchi hiyo, kwa kushirikiana na serikali, kiliwaomba wenye ndege hao wajitokeze na kuwasalimisha bila kushtakiwa. Zaidi ya 200 walipatikana. Wenye afya walizoeshwa upya katika Hifadhi ya Akagera na kuachiwa, na wale ambao mabawa yao hayakuweza kupona walitengewa eneo la ardhi oevu mjini Kigali, linalotumika kufundishia watoto wa shule. Hesabu ya mwaka 2017 ilikuta korongo 487 nchi nzima, na miaka michache baadaye idadi ilikuwa imepita mara mbili ya hapo. Ongezeko hilo halikuletwa na ndege walioachiwa peke yao. Kampeni ilikausha pia soko la kuwakamata wapya, na hapo ndipo uokoaji unapozaa faida kubwa kuliko idadi ya waliotibiwa.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ni nzito na haistahili kupuuzwa: watu wa mwambao wanauawa na mamba na viboko, mashamba yanaliwa, iweje fedha zitumike kumtibu mnyama? Mtu aliyepoteza ndugu kwenye mwalo hawezi kuambiwa apende wanyama. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 na kanuni za 2011 zinatoa kifuta jasho kwa hasara ya mali na kifuta machozi kwa kujeruhiwa au kifo, na ni haki ya mwananchi kudai na kulalamika vikichelewa. Lakini kuwaacha wanyama wateseke hakuongezi hata shilingi moja kwenye haki hiyo, na kunaweza kuongeza hatari. Kiboko mwenye kidonda au nyati mwenye waya mguuni hushambulia kwa urahisi zaidi kuliko mzima. Kumtibu au kumwondoa mapema ni ulinzi wa wanakijiji pia.

Hoja ya pili husema asili iachwe ifanye kazi yake, kwani wanyama wamekuwa wakiumia tangu zamani. Kwa sehemu ni kweli, na ndiyo maana nyumbu aliyeraruliwa na simba hatibiwi. Lakini timba, waya na gari si asili. Jeraha lililosababishwa na binadamu ni deni la binadamu, hasa likimpata mnyama ambaye idadi yake imebaki ndogo.

Hoja ya tatu ndiyo inayosikika zaidi mitaani: tukitoa taarifa, maofisa hawafiki au wanafika jioni. Ucheleweshaji upo, na jibu lake si kumwambia mwananchi avumilie tu. Taarifa inayotaja mahali hasa, aina ya mnyama, jeraha na saa hushughulikiwa kwa urahisi kuliko uvumi. Hata hivyo kuchelewa kwa ofisa hakumpi mtu ruhusa ya kumiliki mnyama. Kumkamata au kumweka mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria, na kosa hilo halifutwi na nia njema.

Chanzo cha majeraha

Tiba bora ya mnyamapori ni ile fupi. Mnyama mwenye waya katika Serengeti hupigwa sindano ya usingizi kutoka mbali, madaktari hukata waya, husafisha kidonda, humpa dawa ya kumwamsha na kumwacha palepale kwenye kundi lake. Lakini kwa kila mmoja anayefikiwa, wengi hufa vichakani bila kuonekana. Ndiyo maana tangu 2017 Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), Shirika la Uhifadhi la Frankfurt na wadau wa utalii wanaendesha doria za kutegua mitego, ambazo zimeondoa makumi ya maelfu ya nyaya kabla hazijanasa mnyama.

Kwa mwambao wetu, mtego unaolingana na waya huo ni nyavu. Timba haiozi, na kipande kilichotupwa majini huendelea kunasa samaki, mnandi na fisi maji bila mvuvi kupata kitu. Vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU) vina nafasi ya kukubaliana katika kila mwalo kwamba nyavu chakavu na ndoana zirudi nchi kavu na kuwekwa mahali pamoja. Kazi hiyo haihitaji daktari wala kibali, na huokoa wanyama wengi kuliko zahanati yoyote ambayo tungeweza kuijenga.

Ukimkuta mnyama aliyejeruhiwa

Kwanza hakikisha kwamba kweli anahitaji msaada. Mtoto wa pongo aliyejilaza peke yake nyasini kwa kawaida amefichwa na mama yake, ambaye atarudi kumnyonyesha ukiondoka. Kinda mwenye manyoya anayerukaruka chini huenda anajifunza kuruka, na wazazi wake wapo juu ya mti. Kama kuna damu, bawa linaloning'inia, waya au wavu mwilini, au mzazi amekufa kando yake, ondoa watu na mbwa, kisha toa taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), au hifadhi iliyo karibu. Ukishindwa kuwapata, mwone mtendaji wa kijiji au mtaa.

Mamba, kiboko, chatu, nyani, tumbili, popo na mnyama yeyote anayekula nyama usimguse kwa hali yoyote. Ndege mdogo aliye hatarini barabarani unaweza kumfunika kwa kitambaa na kumweka ndani ya boksi lenye matundu, mahali penye giza na ukimya, bila chakula wala maji, na kumkabidhi siku hiyohiyo. Wavu uliozama katika ngozi usiuvute. Mwachie mtaalamu aukate. Mzoga usiuguse wala kuula, kwa kuwa kimeta na magonjwa mengine hubaki ndani yake. Uking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa.

Na kama tayari unaye mnyama uani, awe tumbili, kasuku au korongo, usimfungulie usiku ili kukwepa maswali, kwani atakufa kwa njaa au atauawa na wenzake. Nenda kwa ofisa wanyamapori ueleze ulivyompata na unavyomlisha. Maelezo hayo ndiyo yatakayomwezesha mtaalamu kuamua kama anaweza kurudi porini, na kila siku unayochelewa inapunguza uwezekano huo.