Shakira Mkapa, Maluma Leaders: Majibu kwa Barua Zenu za Matamasha

Tangu ziara ya Shakira ianze Rio de Janeiro tarehe 11 Februari 2025, barua zinazonifikia kutoka Kinondoni na Temeke zimebadilika. Zamani mliniuliza habari za spika na jenereta. Siku hizi ni Shakira, Maluma na Bad Bunny, lini wanakuja, kwa nini hawaji, na nani anawazuia. Nimechagua zile zilizonikera na mbili tatu zilizonitia hofu. Wanaouliza VIP ina raha gani wamuulize aliyewahi kukaa huko.

Shikamoo mzee. Kwenye grupu letu kuna tangazo kwamba Shakira atakuwa Uwanja wa Mkapa mwezi ujao. Tiketi za mwanzo ni shilingi 30,000, unalipia kwa namba ya simu. Niwahi? *(Tandika. Barua zinazofanana zimetoka Mbagala Rangi Tatu, Mwananyamala na Bunju.)*

Marahaba, nyote wanne. Msitume hata senti.

Mji uliomo kwenye ziara hutangazwa na msanii mwenyewe, kwenye kurasa zake, pamoja na jina la uwanja na mahali pa kununulia tiketi. Hauanzii kwenye grupu la kikoba. Promota wa kweli ana kibali cha baraza la sanaa, BASATA, ana mkataba na uwanja, na fedha zake zinaingia kwenye akaunti yenye jina la kampuni. Ukiweka namba ukaona jina la mtu binafsi, funga simu uendelee na shughuli zako. Namba ya tapeli itumeni 15040, ipo kwa kazi hiyo. Aliyekwisha kutuma apige mtandao wake wa simu saa hiyo hiyo, kabla pesa haijatolewa kwa wakala, kisha aende polisi na ujumbe wote ukiwa bado kwenye simu. Msiufute kwa aibu. Aibu yenu ndiyo mtaji wao.

Uwanja wa Mkapa unachukua watu 60,000, na Simba na Yanga wanaujaza. Mapromota wetu waoga tu. Au unabisha? *(Chang'ombe)*

Nabisha. Na kwa kuwa maneno haya nayasikia kila kijiwe, kuanzia Keko mpaka Tegeta, leo nitayajibu mpaka niyamalize.

Hizo 60,000 ni hesabu ya mpira. Kwenye mpira watu hukaa kuzunguka uwanja mzima, wote wakitazama katikati. Kwenye tamasha jukwaa linajengwa upande mmoja, nyuma ya goli, na viti vyote vya nyuma yake na vya ubavuni vimekufa, kwa sababu anayekaa pale ataangalia migongo ya spika usiku kucha. Hapo umeshapoteza robo ya uwanja, wakati mwingine theluthi. Mkapa tena una njia ya riadha inayozunguka, kwa hiyo hata aliyepata kiti kizuri yuko mbali. Bila skrini kubwa, Shakira atamwona kama siafu.

Utasema watu wajazwe kwenye nyasi. Nyasi zile ndizo zilizochezewa mechi za CAF za Simba na Yanga, ndizo zilizobeba CHAN ya Agosti 2025, na AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi na Kenya na Uganda. Kuzikanyaga kunataka vibao maalumu vya kufunika uwanja, siyo maturubai ya harusini, na kila saa vinapokaa juu, nyasi inakosa hewa na mwanga. Meneja wa uwanja akisema hapana, msimwite mchawi.

Haya, tuseme umebakiwa na nafasi 40,000 na umeziuza zote kwa wastani wa shilingi 50,000. Ni bilioni mbili. Najua macho yameshaanza kung'aa. Toa VAT ya asilimia 18 iliyomo ndani ya bei, inabaki bilioni 1.69 na ushee. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, una kama dola 678,000.

Sasa mlipe msanii. Wa daraja hilo hulipwa fedha ya mkononi, maana yake kodi yote ni mzigo wako wewe uliyemwita. Tuseme mmekubaliana dola 500,000. Hii ni namba ya mfano, sijasema ndiyo bei ya Shakira, na kwa ukubwa wake sidhani kama angeiangalia mara mbili. TRA inataka asilimia 15 ya zuio kwenye malipo ya huduma kwa asiye mkaazi, kwa hiyo ili yeye apate 500,000 kamili wewe unatoa dola 588,000 na kitu. Umebakiwa na dola 90,000 hivi. Humo ndani kuna jukwaa, taa, skrini, majenereta, ndege ya mizigo, hoteli ya msafara mzima, ulinzi, zimamoto, magari ya wagonjwa, bima, matangazo na vyoo. Hayo yote ni kama umeuza kila tiketi. Na kwa kawaida nusu ya malipo ya msanii inatakiwa kabla hujabandika bango hata moja, iliyobaki kabla hajapanda ndege. Mvua ikikunyeshea, ni yako.

Bado sijagusa safari yenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mnadhani ziara ni msanii anayepanda ndege na begi lake. Ziara kubwa ni msafara wa malori. Huko Ulaya kuna seti mbili au tatu za vyuma vya jukwaa, moja inatumika usiku huu Paris huku nyingine ikifungwa bolti Brussels, na dereva wa lori anafika kabla ya mchana. Mwaka 2025 Shakira alipiga zaidi ya maonyesho kumi kwenye uwanja mmoja wa Mexico City. Hapo ndipo ziara inapolipa, vyuma vikae mahali, watu ndio wabadilike. Chris Brown alipokuja Johannesburg Desemba 2024 alipiga usiku mbili mfululizo FNB, siyo mmoja, kwa sababu hiyo hiyo.

Kutoka Johannesburg mpaka Temeke ni zaidi ya kilomita 3,000 za barabara na mipaka. Promota wa Dar anayetaka vyuma vile peke yake analipia kuja na kurudi, peke yake. Dawa ni Nairobi, Kampala na Kigali wakubali tarehe zinazofuatana na zetu, gharama zigawanywe kwa mafungu manne. Hilo likifanyika nitakuwa wa kwanza kuandika. Mpaka leo kila mmoja anatafuta wake kimya kimya ili amzidi mwenzake, halafu wote tunabaki na mabango.

Bad Bunny naye, ziara yake ya dunia iliyoanza Santo Domingo Novemba 2025 ilitangazwa Amerika ya Kilatini, Ulaya, Japani na Australia. Mji wa Afrika haukuwemo hata mmoja. Kwa hiyo msijione mnabaguliwa ninyi wa Dar peke yenu.

Mbona Kendrick Lamar alikwenda Kigali? Rwanda ni kubwa kuliko sisi? *(Kawe)*

Kendrick alipiga BK Arena tarehe 6 Desemba 2023, na Februari 2025 John Legend akafuata. Ukumbi ule una paa na unachukua watu kama 10,000. Mvua haiuhusu, majirani hawausikii, hakuna nyasi ya kuomba radhi. Lakini kubwa zaidi ni kwamba maonyesho yale yalikuja chini ya mpango wa Move Afrika wa shirika la Global Citizen, serikali ya Rwanda ikiwa ndani yake kwa makubaliano ya miaka kadhaa. Pale kiingilio hakikutegemewa kulipa kila kitu. Nchi ililipia jina lake lisikike. Unaweza kuipenda siasa hiyo au usiipende, ila usimlinganishe nayo promota wa Kinondoni aliyeweka rehani nyumba.

Sisi tulishawahi kuwapata wakubwa kwa njia yetu. Jay-Z alipita Dar mwaka 2006. Rick Ross mwaka 2012 na T.I. mwaka 2014 walisimama Leaders Club, Kinondoni, kwa sababu nyuma ya tamasha la Fiesta palikuwa na mdhamini mwenye fedha. Mdhamini akiondoka, na staa haji.

Rayvanny si rafiki yake Maluma? Amlete basi. *(Tandale)*

Kupiga naye Mama Tetema kwenye jukwaa la MTV Ulaya, Budapest, tarehe 14 Novemba 2021, ni heshima kubwa kwa kijana wa Mbeya. Hakumpi mamlaka juu ya malori ya mtu.

Kwa nini tuhangaike na hawa Walatini? Muziki wao haujawahi kuwa na nafasi huku kwetu. *(Mtu mzima, Temeke Mikoroshini. Barua nyingine ya namna hiyo imetoka Mbezi Beach.)*

Mtu mzima wewe ndiye ulipaswa kuwaeleza vijana.

Miaka ya 1930 sahani za santuri za Kikuba, zile za namba za GV, zilikuwa zinauzwa pwani nzima, na Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932. Mwaka 1948 Salum Abdallah alianzisha bendi Morogoro, na jina lililomletea sifa ni Cuban Marimba. Hakuwa amekanyaga Havana. Alizisikiliza sahani, akachukua mapigo, akatia Kiswahili chake, na watu wa Dar wakacheza mpaka alipofariki 1965. Rumba na cha-cha vikapita Kongo vikarudi kwetu na magitaa mengine, na ukikaa leo na wazee wa bendi za Msondo au Sikinde, utasikia bado vimo ndani.

Na wenyewe walikuja jirani. Septemba 1974, tarehe 22 mpaka 24, Kinshasa ilipokea tamasha lililoandaliwa kusindikiza ngumi za Muhammad Ali na George Foreman. Fania All-Stars walikuwepo, Johnny Pacheco akiwaongoza, na Celia Cruz akaimba kwa Kihispania mbele ya uwanja wa Wakongo. Walikuwepo pia Franco na Tabu Ley, Miriam Makeba, B.B. King na James Brown. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba, na wageni waliotarajiwa kuja kwa ngumi hawakuja. Wanamuziki walipanda jukwaani hivyo hivyo. Ukitaka mfano wa tamasha la kimataifa kusimama bila kubebwa na kiingilio, ule pale, miaka karibu hamsini kabla ya Kigali.

Shakira mwenyewe alitikisa Kombe la Dunia la 2010 na Waka Waka, aliyoijenga juu ya wimbo wa Golden Sounds wa Kamerun wa mwaka 1986. Kwa hiyo ukiona mtoto wako wa Mikoroshini anakatika kiuno kwa Kihispania, muache.

Ni kweli wanakuja kuimba juu ya CD? *(Kijitonyama)*

Wengine. Na wa hapa pia.

Nililipa kiingilio, msanii hakutokea, promota anasema "aliumwa". Nidai wapi? *(Barua saba, za matamasha tofauti. Nazijibu pamoja.)*

Kuumwa kupo. Februari 2025 Shakira alilazwa hospitali Lima siku ileile ya onyesho kwa maumivu ya tumbo, onyesho likaahirishwa. Siku chache baadaye Medellín nako halikufanyika kwa sababu paa la jukwaa liliharibika. Mwishoni mwa 2017 aliahirisha ziara nzima kwa tatizo la koo, akaianza Juni 2018. Hakuna aliyemwita tapeli, kwa sababu tangazo lilitoka kwake, na Lima tiketi zikabaki na thamani na tarehe mpya ikatolewa.

Wa kwenu kawafanyia nini? Kazima simu. Sasa fanyeni hivi: kusanyeni risiti na ujumbe wa malipo, andikeni barua moja yenye majina yenu wote, mpeni siku za kujibu, kisha nendeni Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni kazi yake kwa mujibu wa sheria ya 2003. Deni dogo Mahakama ya Mwanzo inalipokea. Mkienda mmoja mmoja kulalamika kwenye daladala, mtabaki mkilalamika kwenye daladala.

Binti yangu wa miaka 16 ananisumbua kwenda matamasha. Nimkatalie? *(Mama, Chamazi)*

Mama, barua yako ndiyo niliyoisoma mara mbili. Usimkatalie kwa sababu ya muziki. Nitakuambia kinachoniogopesha mimi, na si nguo za wacheza shoo.

Tarehe 21 Machi 2021, Uwanja wa Uhuru, hapo hapo Temeke, watu 45 walikufa kwenye msongamano wakati wa kumuaga Rais Magufuli. Hawakuwa wahuni wala walevi, walikuwa raia waliokwenda msibani. Novemba 2023, kwenye uwanja ule ule wa Rio ambako Shakira alifungulia ziara yake, msichana alifariki kwenye tamasha la Taylor Swift siku ya joto kali, na baada ya hapo serikali ya Brazil ikaagiza watu waruhusiwe kuingia na maji yao. Hapa kwetu mlangoni bado wananyang'anya chupa ili wauze za ndani kwa bei mara tatu. Na hilo kwenye joto la Januari, Dar es Salaam! Nimewaambia waandaaji, nimewaandikia, na wapo wanaofunga mageti ya kutokea kwa minyororo ili wasio na tiketi wasipenye. Geti lililofungwa kwa mnyororo ni jinai, sijali nani yuko jukwaani.

Kwa hiyo mwende wote wawili. Fikeni mapema na muulize mageti ya kutokea yako wapi. Likiwa moja tu limefunguliwa, au mkikuta mnyororo, rudini Chamazi na mdai pesa yenu.