Kuzima Ishara za Vidole kwenye Kompyuta Mpakato ya Kituo cha Afya

Kompyuta mpakato mpya inapotolewa kwenye boksi lake, iwe mjini Sumbawanga, Laela au Matai, huwa imekwisha kuwekewa mazoea ambayo mtumiaji hakuyachagua. Vidole vitatu vikipanda juu ya padi ya kugusa, madirisha yote hutandazwa mbele ya macho. Vikishuka, yote hutoweka. Vidole viwili vikitanuliwa, maandishi huvimba. Kwa anayetazama picha nyumbani, hiyo ni kero tu. Kwa mtoa huduma anayeingiza taarifa za mgonjwa, ni suala la usalama.

Tuchukue mfano wa mtoto mwenye malaria, aliyeletwa kutoka bonde la Ziwa Rukwa, mwenye uzito wa kilo 14. Dawa mseto ya artemether na lumefantrine hutolewa kwa kufuata uzito: kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, kwa siku 3, kuanzia kilo 15 hadi chini ya 25 ni vidonge viwili kila mara. Katika baadhi ya fomu zinazofunguliwa kwa kivinjari, kisanduku cha tarakimu kikiwa bado kimeteuliwa, kutelezesha vidole viwili hubadili tarakimu badala ya kusogeza ukurasa. Kilo 14 huwa 16 bila kibodi kuguswa, na anayesoma rekodi hiyo dirishani pa dawa hana sababu ya kuishuku. Mfumo wa DHIS2, unaopokea takwimu za MTUHA, huhifadhi kila thamani mara tu mwandishi anapotoka kwenye kisanduku. Hakuna kitufe cha mwisho kinachompa nafasi ya kusita.

Padi yenyewe haijui nia ya mtu. Chini ya uso wake kuna mtandao wa njia nyembamba za umeme. Tishu za mwili, kwa kuwa zina maji na chumvi, hupitisha umeme. Kidole kinapokaribia, uga wa umeme hubadilika, na kompyuta hukadiria mahali kilipo. Shina la kidole gumba likiegemea padi wakati wa kuchapa laweza kuhesabiwa kuwa kidole. Tone la maji nalo huweza kukifanya kishale kirukeruke. Kwa hiyo anayetoka kunawa mikono kati ya mgonjwa mmoja na mwingine aikaushe kabisa kwanza, jambo ambalo kanuni za usafi zingemtaka alifanye hata kama kompyuta isingekuwapo.

Kwenye Windows 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I ili kufungua mipangilio. Ingia sehemu ya Bluetooth na vifaa, kisha Touchpad. Kwenye Windows 10 ukurasa huo umo katika sehemu ya vifaa. Tafuta ishara za vidole vitatu, na katika orodha ya kutelezesha chagua Nothing. Fanya vivyo hivyo kwa kugonga, kisha kwa vidole vinne. Panapohusu kusogeza na kukuza, ondoa alama ya kukuza kwa kutanua vidole. Panapohusu kugonga, ondoa kugonga kwa kidole kimoja: tangu hapo padi itasubiri ibonyezwe hasa, na kiganja kinachopita hakitabofya chochote. Mwisho, shusha kiwango cha wepesi wa padi kuhisi.

Kusogeza kwa vidole viwili ni shauri gumu zaidi, kwa sababu wengi hawawezi kusoma fomu ndefu bila hiyo. Maoni yangu ni kwamba dawati la mapokezi lipewe kipanya cha waya, kisha iondolewe alama inayoiacha padi ikifanya kazi kipanya kinapokuwa kimeunganishwa. Kipanya kikichomolewa, padi hurudi yenyewe. Hata hivyo, gurudumu la kipanya nalo laweza kubadili tarakimu iliyoteuliwa. Bofya kwanza sehemu tupu ya ukurasa ndipo usogeze, na kabla ya kutuma usome uzito kutoka kwenye kioo ukiulinganisha na kadi ya mtoto, si kutoka kichwani.

Mipangilio hii hufungamana na akaunti ya mtumiaji. Muuguzi wa zamu ya usiku akiingia kwa akaunti yake, atazikuta ishara zote zimewashwa kama siku ya kwanza, hata kama mwenzake wa mchana alizizima. Kila mwenye akaunti azime zake, kisha afungue ukurasa mtupu wa kuandikia, achape mistari michache huku viganja vimelegea juu ya padi, na aangalie iwapo kishale kimehama.