Msaada wa chakula cha watoto usitugawanye



Somo letu la leo ni juu ya kitu kidogo: pakiti ya karanga zilizosagwa anayopewa mtoto aliyekonda. Katika ziara zetu huku Kivu tunaona kwamba pakiti hiyo inaponya mtoto, na papo hapo inaweza kuleta ugomvi kati ya jamaa mbili zinazochota maji kwenye bomba moja. Mara nyingi ugomvi unazuka kwa sababu watu hawakuelezwa nani anapewa na kwa nini. Tusome basi pamoja.

Ugonjwa wenyewe

Utapiamlo mkali una sura mbili. Kuna mtoto anayekonda mpaka mbavu zinahesabika. Na kuna yule anayevimba miguu, kisha uso, nywele zinakuwa nyekundu na kung'oka, hataki kucheza wala kula. Wazee wa Kivu waliita hali hiyo ya pili bwaki muda mrefu kabla ya mashirika kufika. Ni hiyo inayodanganya watu, kwa maana mtoto aliyevimba anaonekana mnene. Tena wengine wakimwona husema amepewa sumu na jirani. Tunawaomba viongozi wawe macho hapo. Tuhuma ya sumu katika mtaa wenye wageni wengi inaweza kumwaga damu, na huku mtoto anahitaji kituo cha afya siku hiyohiyo. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa muda wa sekunde 3. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mpeleke.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 kuna pia utepe wa rangi tatu, unaozungushwa kwenye mkono wa kushoto katikati ya bega na kiwiko. Chini ya milimita 115 ni nyekundu: utapiamlo mkali. Kati ya 115 na 125 ni njano: mtoto yuko njiani kuanguka. Kuanzia 125 ni kijani. Kuutumia hakuhitaji shule kubwa. Huko Nijeri mama waliofundishwa walipima watoto wao karibu sawa na wahudumu wa afya. Utepe haujui kabila, haujui nani alikimbia na nani alizaliwa hapa. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa amani.

Kwa nini pakiti haigawanywi

Zamani mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa hospitalini majuma mengi akinyweshwa maziwa ya dawa. Mama alikaa naye, na watoto wengine walibaki nyumbani bila mpishi. Mwaka 1996 huko Ufaransa daktari André Briend na Michel Lescanne walitengeneza chakula kinachojulikana kwa jina la Plumpy'Nut: karanga, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Hakipikwi wala hakichanganywi na maji, kwa hiyo vijidudu havistawi ndani yake. Mwaka 2005, wakati wa njaa ya Nijeri, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitibu zaidi ya watoto 60,000, walio wengi wakila chakula hicho nyumbani kwao. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitangaza pamoja kwamba mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine mkubwa atibiwe nyumbani. Ndiyo kazi ya vituo tunavyoviita UNTA. Asiye na hamu ya kula analazwa.

Sasa tufanye hesabu. Pakiti moja ina gramu 92 na nguvu ya kalori 500. Mtoto wa kilo 8 anayetibiwa anahitaji kama kalori 1,600 kwa siku, maana yake pakiti 3. Mama anapewa 21 kwa juma. Nyumbani kuna watoto wanne. Ni vigumu, tena vigumu sana, kumlisha mmoja kitu kitamu wengine wakitazama. Mama anakata kidogo kwa kila mmoja, na mgonjwa anabaki na pakiti moja kwa siku. Juma linalofuata kilo hazikupanda, mhudumu anamlaumu mama, mama anasema dawa haifai. Tusimhukumu haraka. Kwanza tuulize: je, wale watatu wengine walikula nini jana? Kamati inayoweza kupata hata uji wa masoso (mahindi, soya na mtama) kwa ndugu za mgonjwa imemsaidia mgonjwa zaidi ya kamati inayotoa mafundisho kila siku.

Kuhusu pakiti zinazoonekana sokoni: ni dawa. Tunajua pia kwamba mama anayeuza pakiti mbili mara nyingi ananunua chumvi, sabuni na unga wa muhogo. Lakini mfanyabiashara anayenunua mamia yake na kuyasafirisha ni mtu mwingine kabisa, na kiongozi asimfunike.

Mfano mmoja

Katika mtaa mmoja wa Kalehe, kando ya ziwa, vijana waliopewa kazi ya kupanga mistari siku ya kupima waliruhusu tu wenye jetoni ya wakimbizi. Mama mmoja mwenyeji alifika na mtoto aliyevimba miguu, akarudishwa. Mama huyo alikuwa amelaza nyumbani kwake jamaa mbili za wakimbizi, watu kumi na mmoja, tangu miezi mitatu. Shamba lake la maharagi walikuwa wamelimaliza pamoja. Habari ilienea usiku uleule, na asubuhi wanawake wakimbizi walikuta njia ya kisima imefungwa kwa miti.

Chifu na rais wa kamati walikaa siku mbili wakizungumza. Waliomba kituo cha afya kipime watoto wote wa mtaa bila kuuliza jetoni. Wakaweka kwenye mstari mama mkimbizi mmoja na mama mwenyeji mmoja, wote wawili wakisoma rangi ya utepe kwa sauti ili kila mtu asikie. Walipatikana watoto wa rangi nyekundu pande zote mbili. Miti iliondolewa njiani bila mtu kuamriwa.

Mwaka 1999 mtafiti wa Marekani, Mary Anderson, aliandika kitabu juu ya kutokudhuru katika kutoa misaada. Anasema kila msaada unaoingia mahali penye vita unakuta mambo yanayogawanya watu na mambo yanayowaunganisha, na lazima utatia nguvu upande mmoja. Hapo Kalehe jetoni iligawanya. Kisima, kituo cha afya na uchungu wa mama viliunganisha. Jetoni ina kazi yake siku ya kugawa turubai au unga. Siku ya kupima watoto haina kazi.

Pesa zinatoka wapi

Watu wengi wanatuambia: "Ninyi mashirika mnakula pesa zetu." Ni haki yao kuuliza. Kumtibu mtoto mmoja kunahitaji karibu katoni moja ya pakiti 150, ambayo bei yake ni kama dola 50, ikipanda au kushuka kufuatana na miaka. Juu yake kuna gari, ghala na mshahara wa muuguzi. Sehemu inatoka kwa serikali za nje, sehemu kwa watu wa kawaida wanaotoa dola tano au kumi kanisani, msikitini au kazini kwao. Mara nyingi mtoaji ameandika kazi ya pesa yake, na pesa ya kutibu watoto haiwezi kugeuzwa kuwa mabati. Mnaweza kuliomba shirika lolote liwaeleze hadharani limepokea katoni ngapi na limetibu watoto wangapi. Shirika linalokataa kueleza linajiharibia lenyewe.

Mjue pia kwamba bomba linaweza kukauka. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura nchini Kongo, ilisimamisha na kufuta miradi mingi, na mwaka huohuo kambi nyingi za kando ya Goma zilibomoka na watu wakatawanyika. Vituo kadhaa vilikosa pakiti. Hapo uvumi ulisema wauguzi wameziuza. Kiongozi mwenye habari sahihi angeweza kuzima maneno hayo mapema.

Kuna zawadi nyingine inayoletwa kwa moyo mwema na ambayo inadhuru: makopo ya maziwa ya unga kwa watoto wachanga. Maji yetu ni machafu, chupa haichemshwi, na mama akianza kopo maziwa yake mwenyewe yanapungua. Kopo likiisha, mtoto hana kitu. Chini ya miezi 6 mtoto anyonye tu. Mgeni akileta makopo, mwambieni kwa heshima ayapeleke kwa muuguzi, ili yamfae yatima ambaye kweli hana wa kumnyonyesha.

Na tuseme wazi: kuandikwa, kupimwa na kutibiwa utapiamlo katika vituo hivi hakulipwi. Si kwa faranga, si kwa kuku, si kwa mwili wa mama au wa binti. Anayedai anafanya kosa, hata akiwa mfanyakazi wa shirika kama letu.

Baada ya kupona

Mtoto akipona anarudi katika nyumba ileile. Bila mapato, baada ya miezi michache utepe utakuwa mwekundu tena. Kulima kwa nusu kwenye shamba la mwenyeji kunafaa, ikiwa mapatano yamefanywa mbele ya chifu na mashahidi, kabla ya mbegu kuingia udongoni. Likelemba ya wanawake wa pande zote mbili inafaa pia.

Vijana waliosoma wanatuuliza juu ya kazi za intaneti: kutafsiri Kifaransa na Kiswahili, kuandika kwa mashine maneno yaliyorekodiwa. Kazi hizo zipo, na tunajua vijana wanaonunua sambaza kwa ajili ya wadogo wao kwa njia hiyo. Zinahitaji umeme, megabaiti na uvumilivu, kwani kazi ya kwanza inachelewa. Ulizeni mapema malipo yatawafikia kwa njia gani. Na anayewaomba mlipe kwanza ili mpewe kazi, au anayetaka picha ya kadi yenu ya uchaguzi kabla hamjajua yeye ni nani, mwacheni. Jamaa moja tuliyoitembelea ilitoa dola 20 za likelemba kwa mtu wa namna hiyo, na hazikuonekana tena.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Mara ya mwisho watoto walipopimwa kwenu, nani hakuitwa? Orodha ilisomwa mbele ya nani? Mama akiona mtoto wake amevimba usiku huu, anajua aende kwa nani, na njia ya kufika kituoni iko salama? Ni kitu gani kinachotumiwa na wenyeji na wakimbizi pamoja katika mtaa wenu, ambacho msaada unaofuata unaweza kukitia nguvu?