Saa na Nyenzo za Chumba cha Rubani

Tarehe 27 Februari, 1920, eropleni kubwa yenye injini mbili ilianguka hapa Tabora ilipokuwa ikijaribu kuruka. Ilikuwa Vickers Vimy Commercial, ndugu wa ile Vimy iliyoundwa kwa ajili ya kutupa mabomu, nayo ilikuwa safarini kutoka Uingereza kwenda Cape Town. Waliokuwamo waliokoka. Watu wa misafara walikuwa wamekwisha kuizoea Tabora kuwa njia panda ya kwenda Ujiji na Karagwe; safari hii mgeni alitoka juu, akashindwa kurudi huko.

Lakini somo letu si ajali ile, bali ni mahali wanapokaa marubani. Mwanafunzi akionyeshwa picha ya chumba cha rubani wa ndege ya vita huona saa tele, kisha hubahatisha. Mimi huwaambia wasianze na saa. Waanze na mwili wa rubani: jiulize miguu yake hufika wapi, na kila mkono hushika nini.

Miguu hukanyaga kanyagio mbili zinazogeuza usukani wa mkia. Katika ndege nyingi za kupigana, mkono wa kulia hushika fimbo iliyosimama baina ya magoti. Ukiisukuma, pua ya ndege huinama; ukiivuta, huinuka; ukiilaza upande, bawa la upande huo hushuka. Mkono wa kushoto hushika wenzo wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Vimy ilikuwa mbali kidogo na desturi hii: marubani wawili walikaa bega kwa bega chumba kikiwa wazi, na badala ya fimbo tupu palikuwa na gurudumu la kushika. Usihangaike kutafuta wenzo wa kukunjia magurudumu ya kutua katika picha yake, maana hayakukunjwa kamwe.

Sasa zitazame saa. Ile ya kupimia kimo ina kikopo chembamba cha chuma kilichozibwa. Kadiri ndege inavyopanda, uzito wa hewa hupungua, kikopo hutanuka na kuusukuma mshale. Hapa sisi wa Tabora tuna bahati. Kiwanja chetu kiko kama mita 1,180 juu ya bahari, yaani karibu futi 3,870. Basi saa ya kimo iliyotegwa kwa usawa wa bahari, hata ndege ikiwa imesimama chini, haitaonyesha sifuri. Ikisoma karibu 3,900, imehesabiwa kwa futi. Ikisoma karibu 1,200, ni kwa mita, na huenda ndege hiyo iliundwa Urusi. Hutahitaji kujua lugha iliyoandikwa juu yake. Saa ya mwendo nayo hupata habari zake kwa mrija unaoelekea mbele na kupokea upepo.

Zamani si saa zote zilizokuwa ndani. Alcock na Brown walipovuka bahari ya Atlantiki kwa Vimy mwezi wa Juni, 1919, kipimo kimoja cha petroli kilifungwa nje, kwenye nguzo ya mabawa, na Brown alilazimika kuinuka katika baridi kali akipanguse theluji.

Kosa la kutambua vibaya si la darasani tu. Katika Vita Kuu ya Pili marubani wa Kimarekani wa B-17 waliotua salama walikusudia kuinua vibawa vya kupunguzia mwendo, wakainua magurudumu, na ndege ikalala kifudifudi. Vishikio viwili hivyo vilifanana na vilikuwa jirani. Bwana Alphonse Chapanis hakuwalaumu marubani. Alikitia kishikio kimoja umbo la gurudumu, na cha pili umbo la bawa, mkono ujue bila jicho. Mpagazi wa Kinyamwezi angemwelewa upesi: gombo la marekani, waya wa shaba na mfuko wa shanga havihitaji cheti, hata gizani. Hadi leo kishikio cha magurudumu hupewa umbo la gurudumu, na ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukitambua katika picha.

Mwisho, tafuteni picha ya chumba cha MiG-21, ndege iliyotumiwa na Uganda na pia Tanzania katika Vita vya Kagera vya 1978-79. Katikati ya ubao wa saa mtaona mstari mweupe uliosimama wima. Wengi hudhani ni pambo. Ndege ikianza kuzunguka kama pia huku ikianguka, rubani huenda asijue tena katikati ni wapi. Hapo huisukuma fimbo mbele ielekee mstari ule.