Leseni ya Bodaboda Haifanyi Kazi Baharini

Kijana mwenzangu, tuchukue mfano. Uko kidato cha nne hapa Msata na pikipiki unaijua vizuri. Likizo mmekwenda Bagamoyo, kilometa 64 tu, mkakuta jetiski, yaani pikipiki ya majini, inakodishwa ufukweni. Mwenye chombo anauliza, "We, pikipiki unaweza?" Unajibu, "Sana tu!" Anakupa funguo. Wenzako wanakushangilia. Je, ungefanya nini?

Tofauti iko wapi?

Barabarani ukiona hatari unaachia mafuta, unashika breki na kukwepa. Jetiski nyingi hazina breki. Injini hunyonya maji chini ya chombo na kuyasukuma nyuma kwa nguvu, na mkondo huo ndio unaokigeuza chombo. Ukiachia mafuta, mkondo unakwisha. Utazungusha usukani, lakini chombo kitazidi kwenda mbele kumfuata anayeogelea. Kwa hiyo mazoea ya bodaboda yanaweza kuua.

Mkondo huo pia ni hatari kwa abiria. Akidondoka kinyumenyume unaweza kumchana vibaya sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Msione aibu kulizungumza hili. Nguo ya kuogelea ya kawaida haitoshi kumkinga. Inatakiwa suruali nzito ya wapiga mbizi.

Nani anaruhusiwa?

Tanzania Bara, usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na TASAC, shirika lililoanza kazi mwaka 2018. Zanzibar wana mamlaka yao. Leseni ya barabarani haikupi ruhusa ya majini. Huko Florida, Marekani, mwenye umri chini ya miaka 14 haruhusiwi kuendesha jetiski, na kukodi ni mpaka ufikishe miaka 18.

Kabla ya kupanda

1. Uliza chombo kimekaguliwa na nani, na nani atakufundisha.
2. Vaa jaketi okozi, ufunge vifungo vyote. Mwenzako akilivuta mabegani lisipande kupita kidevu.
3. Funga mkononi ile kamba inayozima injini ukidondoka.
4. Kaa mbali na waogeleaji, ngalawa na nyavu.
5. Usipande ukiwa umekunywa pombe.

Mtu akizama

Usijirushe majini. Mtupie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, na piga kelele. Akitolewa akiwa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo. Mlaze chali, mpulizie pumzi mdomoni, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, mkirudia mpaka msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Tukirudi kwenye mfano wetu: kurudisha funguo si woga. Sema, "Nifundishe kwanza." Akikataa, ondoka.

Jadilini darasani

1. Kwa nini kuachia mafuta si njia ya kukwepa ajali majini?
2. Rafiki zako wakikucheka, utawajibu nini?